Kuhamisha Ghala Kuukuu la Programu Bila Kupoteza Historia

Mwaka 2012 miji ya Njombe na Makambako ilitolewa katika Mkoa wa Iringa ikawa ndani ya Mkoa mpya wa Njombe. Hati iliyoandikwa Makambako mwaka 2005 na kutaja Mkoa wa Iringa haikukosea. Ilisema kweli kwa siku yake. Anayelifuta jina hilo na kuandika jipya huharibu ushahidi.

Kanuni hiyo ndiyo iongozayo kazi ya kuhamisha ghala kuukuu la programu za kompyuta. Katika ghala hilo hutunzwa kila badiliko la programu, pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na sababu. Mfumo wa CVS, ulioanza mwaka 1986, uliandika historia ya kila faili peke yake. Mfumo wa Git, wa mwaka 2005, huweka pamoja mabadiliko ya faili nyingi yaliyo kazi moja. Basi mhamishaji hana budi kuyakusanya yaliyotengana, kwa kulinganisha mwandishi, maelezo na saa.

Kwanza hunakili ghala zima na kuiweka nakala hiyo kando, isiguswe. Pili huoanisha majina ya mkato ya waandishi na majina yao kamili. Tatu hulinganisha matoleo ya zamani katika maghala yote mawili, lisipungue hata moja. Kosa la kale huachwa lilivyo, likasahihishwa kwa badiliko jipya lenye tarehe yake. Maana atakayeuliza baadaye kwa nini mstari fulani uliandikwa, huenda asimkute tena aliyeuandika; shahidi wake ni historia hiyo tu.