Mkia Unapotaka Kutangulia

Ndege ndogo yenye gurudumu la mkiani inafaa sana nyikani. Pua yake imeinuka, propela iko mbali na kokoto, na magurudumu yake makuu huhimili viwanja vibovu. Ndiyo maana Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS) limekuwa likitumia Piper Super Cub. Lakini umbo hilo humdai rubani umakini mkubwa hata kabla ndege haijaacha ardhi.

Sehemu kubwa ya uzito wake iko nyuma ya magurudumu makuu. Pua ikipinda kidogo, uzito huo huendelea na safari yake, husukuma mkia pembeni, na mpindo huzidi. Dereva wa trela anayerudi kinyumenyume anaijua hali hii: kosa dogo hukua lenyewe. Cessna 206 au Caravan, zenye gurudumu la puani, zina uzito mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo hujinyoosha zenyewe.

Rubani akiongeza nguvu za injini, propela inayozunguka kuelekea kulia kwake huipeleka pua kushoto. Mkia ukiinuliwa ghafla, mvuto huo wa kushoto huongezeka. Dawa ni pedali ya kulia, kwa kiasi na kwa wakati.

Mwanzoni mwa mbio, gurudumu la mkiani ndilo linaloongoza. Baadaye kazi hiyo hushikwa na usukani wa mkia, ukishapata hewa ya kutosha. Kati ya hatua hizo mbili kuna sekunde chache ambazo gurudumu limeshainuka na usukani bado ni dhaifu. Hapo ndipo ndege huponyoka.

Joto la Turkana, kaskazini mwa Kenya, huzirefusha sekunde hizo. Lodwar iko takriban mita 520 juu ya usawa wa bahari, lakini joto likifika nyuzi 36, hewa huwa nyepesi kama ya mita 1,400 hivi katika hali ya kawaida. Injini hupungukiwa nguvu na ndege huchelewa kushika kasi. Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Lodwar, nayo ina joto la namna hiyo.

Kisha kuna upepo. Mwaka 1982, Kinuthia na Asnani walichapisha utafiti kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita Turkana, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukitokea kusini-mashariki. Jua linapopasha ardhi, hewa huchanganyika na upepo huo mkali wa juu huweza kushuka hadi uwanjani kwa mishtuko. Kisulisuli nacho hubadili upepo ghafla. Upepo ukipiga kutoka kushoto, husukuma mkia kulia na kuipeleka pua kushoto, palepale propela inapoipeleka.

Rubani makini hutazama soksi ya upepo, huelekeza ndege kwenye upepo inapowezekana, na huuacha mkia chini hadi usukani ushike. Husahihisha mapema kwa miguu myepesi. Mpindo ukimshinda, hukata nguvu za injini mara moja, wala habahatishi kupaa.

Nawe abiria, rubani akisema tusubiri upepo utulie, usimharakishe. Kuchelewa kufika Kakuma ni hasara ndogo kuliko ndege iliyovunjika uwanjani.