Kufuli za Ombwe: Jinsi ya Kutafuta Mahali Hewa Inapopenya

Katika Mercedes-Benz za aina ya W123, zilizotengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja hautumii umeme. Dereva akizungusha ufunguo kwenye mlango wake, milango mingine mitatu, buti na kifuniko cha tangi la mafuta hujifunga au kujifungua kwa nguvu ya ombwe, yaani upungufu wa mgandamizo unaobaki hewa inaponyonywa.

Kwenye injini ya dizeli ombwe hutengenezwa na pampu iliyo mbele ya injini. Kwenye injini ya petroli hutoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Hupita kwenye vali ya njia moja, ambayo huzuia hewa kurudi, kisha huhifadhiwa ndani ya tangi dogo lililo nyuma ya gari. Kutoka hapo huenda kwenye vali ya mlango wa dereva, inayolielekeza kwenye mojawapo ya njia mbili: ya kufunga au ya kufungua. Kila mlango mwingine una kikopo chenye diaframu ya mpira. Ombwe likivuta upande mmoja, diaframu husukuma fimbo ya kitasa. Likivuta upande wa pili, huirudisha.

Kwa kuwa tangi huweka akiba, gari zima linapaswa kufungika na kufunguka mara kadhaa baada ya injini kuzimwa. Kufuli zikifanya kazi injini inapowaka tu, akiba inapotea mahali fulani. Zikifunga vizuri lakini zikakataa kufungua, kasoro ipo kwenye njia ya kufungua. Mlango mmoja ukichelewa huku mingine ikiitika, huenda tatizo si ombwe hata kidogo: kipini chake kisukumwe kwa mkono, na kikiwa kizito, kitasa kisafishwe na kutiwa grisi kwanza.

Uchunguzi wenyewe unahitaji pampu ya mkono yenye geji ya kupima ombwe. Badala ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, fundi huugawa mfumo vipande vipande. Huchomoa bomba la tangi, huunganisha pampu, huvuta mpaka geji ionyeshe takriban milibari 500 chini ya mgandamizo wa kawaida wa hewa, kisha huitazama. Mshale ukitulia, kipande hicho ni kizima. Ukirudi, tawi moja huzibwa na kipimo hurudiwa, mpaka libaki tawi linalovuja. Ni lazima kupima kitasa kikiwa kimefungwa na pia kikiwa kimefunguliwa, kwa sababu diaframu iliyopasuka inaweza kushika ombwe upande mmoja na kulipoteza upande mwingine. Kwa mfano, gari linalovuja upande wa kufunga huamka salama likiachwa wazi usiku, lakini likifungwa hukosa akiba asubuhi.

Uvujaji hupatikana zaidi kwenye viungio vya mpira, vinavyokauka na kupasuka kwa umri, na kwenye mabomba membamba yanayopita kwenye bawaba, ambako hupindwa kila mlango unapofunguliwa. Baada ya hapo hukaguliwa diaframu, vali ya mlango wa dereva na tangi. Vali ya njia moja hupimwa kwa kupuliza: hewa ipite upande mmoja tu.

Kwenye dizeli jambo hili lisiahirishwe. Ombwe la pampu hiyohiyo husaidia breki na ndilo linalozima injini ufunguo unapozungushwa. Milango ikivuja sana, injini inaweza kuendelea kunguruma hata baada ya ufunguo kutolewa. Hapo huzimwa kwa kubonyeza mkono ulioandikwa STOP kwenye injini.

Kiungio kilichopasuka hubadilishwa. Bomba lililovunjika karibu na ncha hukatwa sehemu mbovu na kuunganishwa upya kwa mpira unaokaza. Kikopo kibovu hutolewa baada ya kuvua ubao wa ndani wa mlango. Karatasi ya nailoni iliyo nyuma yake irudishwe bila tundu, la sivyo maji ya mvua yataingia ndani ya gari. Kazi huhesabiwa imekamilika pale milango yote inapofungika na kufunguka mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, na geji iliyounganishwa kwenye bomba la tangi inapobaki palepale.