Mlango wa Arusha Uliofungwa na Ulio Wazi

Mwenye shamba la minazi Kaole au Mlingotini akidhulumiwa na mamlaka, safari yake huanzia kwenye vyombo vya nchi na kuishia Mahakama ya Rufani. Je, baada ya hapo pana pa kwenda?

Tangu mwaka 2010 palikuwapo. Tamko la Tanzania lilimruhusu raia kuishitaki serikali moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Novemba 2019 tamko liliondolewa. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa mashauri mapya ya raia.

Umesalia mlango wa pili, huko huko Arusha: Mahakama ya Afrika Mashariki. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya humruhusu mkazi kupinga kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba huo, ukiwamo utawala wa sheria, bila kusubiri rufaa za nchini ziishe. Ugomvi wa mirathi baina ya ndugu hauendi huko. Na muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kitendeke au mlalamikaji akijue.

Tunazinasihi familia zetu: barua ya mamlaka isifichwe sandukuni. Isomwe, iandikwe tarehe ilipopokewa, na wakili aulizwe mapema.