Kwanza tujue tumbo la samaki



Wiki hii tunawaletea habari ya kitu kinachokaa pembeni ya darasa letu la tano, hapa Uvira: sanduku la kioo la kufugia samaki, yaani akwariamu. Linaingiza lita 120 za maji. Fundi wa vioo alilifunga kwa silikoni, na baba mmoja mvuvi akatuletea samaki kumi kutoka kwenye mawe ya ziwa letu Tanganyika. Sita walikuwa Tropheus wachanga, weusi wenye vitone vyeupe kama nyota. Wanne walikuwa Julidochromis, wembamba, wenye mistari mwilini. Watoto waliwapenda tangu siku ya kwanza. Na kwa mapendo hayo tuliwaua wanne.

Tueleze namna ilivyokuwa. Chakula cha samaki cha dukani hakipatikani kwetu kila siku, na kikipatikana, bei yake inatushinda. Tukawaambia watoto: kila mmoja alete kidogo kutoka nyumbani. Wakaleta kweli: mandazi, fufu, wali, na siku moja kipande cha nyama ya ng'ombe chenye mafuta, ambacho mtoto alikiweka kando kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Samaki walikula vyote. Baada ya siku chache Tropheus wakakataa kula, wakajificha pembeni, matumbo yakavimba, kinyesi kikawa cheupe kama uzi. Katika juma moja wanne wakafa.

Yule mtoto aliyeleta nyama alilia. Akauliza: "Mwalimu, ni mimi niliwaua?" Tulimjibu kwamba kosa ni letu sisi wakubwa, tulioomba chakula bila kuuliza kwanza kama samaki wanaweza kukimeng'enya.

Matumbo hayafanani

Tropheus wetu ni wa aina inayoitwa Tropheus duboisi. Georges Marlier, mtaalamu Mbelgiji aliyefanya kazi hapa Uvira, ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1959. Ziwani samaki huyu anakwangua majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe, kutwa nzima, kidogo kidogo. Chakula cha namna hiyo kinahitaji muda mrefu tumboni. Kwa hiyo utumbo wake ni mrefu sana. Ukinyooshwa unapita urefu wa mwili wake mara kadhaa. Nyama na mafuta vikiingia humo vinakaa mno, na tumbo linaharibika.

Julidochromis ni tofauti. Yeye anatafuta vidudu vidogo kati ya mawe, na utumbo wake ni mfupi. Kinachomfaa yeye kinaweza kumwua mwenzake. Kwa hiyo tuliwatenga: wale wanne wembamba tukawahamishia kwenye sanduku dogo. Wenye tumbo la namna moja wakae pamoja.

Kuna jambo lingine. Maji ya ziwa letu si kama ya mto. Yana magadi kiasi, na samaki wake wameyazoea. Lakini chakula kilichobaki kikioza ndani ya sanduku kinatoa sumu inayoitwa amonia, na katika maji ya namna hii sumu hiyo inakuwa kali zaidi. Mandazi na fufu vinavyoyeyuka majini vinaleta hatari hiyo upesi.

Namna tunavyopika sasa

Kwa Tropheus: tunachukua majani ya lengalenga, konzi mbili, na njegere chache. Tunavitia katika maji ya moto dakika tatu, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Tunatoa maganda ya njegere, tunakamua maji, tunatwanga katika kinu mpaka vilainike kabisa. Tunachanganya na ute mweupe wa yai moja ili vishikamane. Kiini cha yai hatukitupi, kinaingia katika uji wa mtoto wa nyumba iliyopika. Mchanganyiko tunaufunga katika jani la mgomba na kuupika kwa mvuke mpaka ugande.

Kwa Julidochromis: tunachukua ndagala mbichi, konzi moja. Tunawachemsha vizuri, tunatoa vichwa na miiba, tunatwanga pamoja na lengalenga kidogo, tunafunga kwa ute wa yai vilevile. Kuwachemsha ni lazima. Ndagala ni wa jamii ya sadini, na katika jamii hiyo samaki wengi wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1. Moto unakiondoa. Ukiwa na ndagala wakavu tu, waoshe mchanga, uwaloweke na kubadilisha maji mara mbili tatu ili chumvi itoke.

Kulisha kuna kipimo. Tunatoa kile wanachomaliza katika dakika tatu, mara mbili kwa siku. Kinachobaki tunakivuta kwa kampira kadogo pamoja na maji machafu. Siku ya Mungu hawali kitu, na hawajadhurika.

Watu wengine walitushauri tuache ndoo ya maji wazi ili tupate viluwiluwi vya mbu, kwa sababu samaki wanavipenda. Wanavipenda kweli, lakini tulikataa. Hatuwezi kufuga mbu karibu na vitanda vya watoto katika mji wenye malaria. Na minyoo ya mtaroni pia tumeikataza. Kila mtoto ananawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa maji ya samaki.

Frigo na umeme

Mama mmoja jirani wa masomo anatusaidia na frigo yake. Chakula tunakitandaza ndani ya mfuko safi, unene wa daftari jembamba, kisha tunakigandisha. Kikiwa chembamba hivyo, unavunja kipande cha ukubwa wa ukucha bila kuyeyusha chote. Kipande hicho tunakiweka kwanza katika kikombe cha maji kiyeyuke, tunamwaga yale maji machafu, ndipo tunawapa samaki.

Lakini sisi sote tunajua umeme wetu. Ukikatika mpaka chakula kikayeyuka, usikigandishe tena. Kitolewe siku ileile au kitupwe. Kwa sababu hiyo tunapika kidogo, cha wiki mbili tu. Tena, umeme ukikatika, mashine ya hewa inasimama na samaki wanakosa pumzi. Wakati huo hatuwalishi, kwa maana samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi.

Swali la mama mmoja

Katika mkutano wa chama, mama mmoja alisimama akasema: "Watoto wetu wengine wanakuja masomo asubuhi bila kutia kitu mdomoni, na ninyi mnawapikia samaki?"

Swali lake ni la haki, na hatukutaka kulipita. Tulihesabu mbele yake: majani ni yale ya pembeni tunayochambua na kuacha, ndagala ni konzi moja, mayai ni mawili kwa wiki mbili, na viini vyake vinaliwa na watoto. Tukakubaliana kwamba siku hesabu hiyo ikianza kugusa sahani ya mtoto, samaki watarudishwa kwa mvuvi aliyewaleta. Mama huyo alikubali. Tangu siku hiyo yeye ndiye anatuletea majani ya mgomba.

Faida tumeiona. Watoto waliodhani kumpenda mtu ni kumpa chochote ulicho nacho, sasa wanauliza kwanza: huyu anakula nini? Msichana mmoja alimzuia bibi yake asimpe mtoto mchanga wa miezi miwili uji wa muhogo. Alisema: "Bibi, tumbo lake bado."

Tropheus wawili waliobaki wamekua. Vitone vyeupe vinaanza kupotea na vichwa vyao vinageuka bluu, kama ilivyo kwa wakubwa wao ziwani. Kijiko cha kuwalisha tumemkabidhi yule mtoto aliyeleta nyama. Anapima mwenyewe, na mwenzake akitaka kuongeza, anafunika kikombe kwa mkono.

Mwenye kufuga samaki nyumbani akaribie darasani siku yoyote baada ya masomo, tutampa kipande cha kuanzia. Mubaki na amani.