Mama Anapokoma Hedhi: Homoni za Dawa Ni za Nini?

Je, umewahi kumwona mama anajipepea usiku wakati nyie mmejifunika blanketi? Mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hupungua mwilini na hedhi hukoma. Joto humpanda ghafla, jasho linamtoka, usingizi unakata, na mifupa huanza kudhoofika. Si ugonjwa, wala hajarogwa!

Akizidiwa, daktari anaweza kumpa estrojeni ya vidonge au ya kubandika kwenye ngozi. Joto hupungua na mifupa hulindwa. Lakini estrojeni peke yake inaweza kuleta kansa ya mji wa mimba, ndiyo maana mwenye kizazi huongezewa homoni ya projestojeni. Maudhi madogo madogo ni kichefuchefu, kichwa kuuma na matiti kujaa. Hatari kubwa, ingawa huwapata wachache, ni damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi na kansa ya matiti.

Kwa hiyo asiazime vidonge vya jirani. Daktari ampime kwanza. Na akitokwa damu ukeni baada ya mwaka mzima bila hedhi, asione aibu, aende hospitali haraka. Inaweza kuwa dalili ya kansa, na ikiwahiwa inatibika. Mwambie.