Kigeuzi cha Sauti cha Nje: Kasoro Iko Katika Kompyuta au Sikioni?

Mtu anayesikiliza muziki au mihadhara kwa kompyuta anapolalamika kuwa sauti haiko wazi, huenda akashauriwa kununua kigeuzi cha sauti cha nje. Hiki ni kijisanduku kinachochomekwa kwenye tundu la USB, na vipokea sauti vya masikioni huchomekwa kwacho badala ya kuchomekwa kwenye kompyuta. Kwa wasikilizaji wengi wa kawaida, kifaa hicho hakileti tofauti inayosikika. Pale kinaposaidia, sababu inaweza kuchunguzwa nyumbani kabla ya kutoa fedha.

Kompyuta huhifadhi sauti kwa tarakimu. Ili sikio lisikie, tarakimu hizo hugeuzwa kuwa umeme unaopanda na kushuka, nao hutikisa kiwambo cha spika. Kila kompyuta yenye tundu la vipokea sauti ina kigeuzi chake ndani. Kiwango kinachotumika katika CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Hilo hutosha kubeba mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo ukomo wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima. Mtu wa makamo huishia chini ya hapo. Mwaka 2007, Wamarekani E. Brad Meyer na David R. Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walilinganisha rekodi za kiwango cha juu zaidi na rekodi hizohizo zilizopitishwa katika kifaa cha kiwango cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa takriban nusu, sawa na ya mtu anayebahatisha.

Hata hivyo, wapo wanunuzi wanaoapa kuwa wamesikia tofauti, nao hawasemi uongo. Kifaa kipya kikitoa sauti kubwa kidogo kuliko cha zamani, ubongo huitafsiri nyongeza hiyo ndogo kuwa ni uzuri. Ulinganisho wa haki hudai kwanza kusawazisha ukubwa wa sauti.

Kigeuzi cha nje kina manufaa ya kweli pale umeme wa kompyuta unapoingilia njia ya sauti. Msikilizaji avae vipokea sauti, asimamishe muziki, kisha asogeze kipanya. Akisikia mkwaruzo unaobadilika kadiri kipanya kinavyosogea, kigeuzi cha nje kinaweza kuuondoa. Achomoe pia chaja: mvumo ukikoma, chanzo ni umeme wa chaja, na huenda kifaa kipya kisitibu lolote. Tundu lililolegea ni sababu nyingine halali ya kununua. Kwa vipokea sauti visivyo na waya, kijisanduku hicho hakina kazi, kwa kuwa kigeuzi kimo ndani yake tayari. Ndivyo ilivyo pia kwa vifaa vya usaidizi wa kusikia vinavyopokea sauti bila waya.

Kwa wahudumu wa afya, suala hili lina uzito wa pekee. Wanafunzi wengi hujifunza sauti za moyo kwa rekodi za kompyuta. Mngurumo wa vali ya mitrali iliyosinyaa, athari inayofahamika ya homa ya baridi yabisi ya moyo, ni wa sauti nzito ya chini, na spika ndogo za kompyuta mpakato haziwezi kuitoa ipasavyo. Mwanafunzi anaweza kudhani rekodi haina mngurumo wowote, na kuzoea kutousikia. Hapa dawa si kigeuzi, bali vipokea sauti vizuri vinavyofunika sikio zima.

Baada ya vifaa kuchunguzwa, hubaki sikio lenyewe. Upande mmoja ukisikika hafifu, msikilizaji abadilishe vipokea sauti, cha kulia akiweke kushoto. Udhaifu ukihama pamoja na kifaa, kifaa ni kibovu. Ukibaki katika sikio lilelile, sikio ndilo linalohitaji kupimwa. Huenda ni nta tu, ambayo haifai kuchokonolewa kwa kijiti. Mlio unaoendelea baada ya kuvua vipokea sauti hautoki kwenye kompyuta. Ni dalili ya kumweleza mhudumu wa afya, hasa kwa mtu aliyezoea sauti kubwa.

Baadhi ya vigeuzi vya nje vina vikuza sauti vyenye nguvu, na hapo ndipo penye hatari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80. Kila desibeli 10 zinazoongezeka hupunguza muda huo mara kumi: saa 4 kwa desibeli 90, dakika 24 kwa desibeli 100. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio la binadamu zikifa, hazioti tena. Anayelazimika kupandisha sauti kila baada ya miezi michache ili asikie kama zamani apimwe usikivu kabla ya kununua kifaa chochote. Aliyepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, kwa saa au siku chache, asisubiri. Afike hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa tiba ikichelewa matumaini ya kupona hupungua.