Malale: Ugonjwa Unaovuruga Saa ya Mwili

Kila mwaka mimi huwauliza wanafunzi wangu wapya: mgonjwa wa malale hulala saa ngapi kwa siku? Karibu wote hujibu kwamba hulala kupita kiasi. Jibu hilo limetokana na jina la ugonjwa, wala si na mgonjwa mwenyewe. Wataalamu waliopima mawimbi ya ubongo usiku na mchana wameona kwamba jumla ya usingizi wa mgonjwa haizidi sana ile ya mtu mwenye afya. Kilichoharibika ni mpangilio wake.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, yamo mafungu mawili madogo yenye seli zipatazo 20,000. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Huenda kwa mzunguko wa takriban saa 24 hata gizani. Nuru ya mchana huirekebisha tu, kama mtu arekebishavyo saa yake ya mkononi asikiapo redio ikitangaza wakati. Kwa amri yake joto la mwili hupanda mchana na kushuka kabla ya mapambazuko.

Usingizi nao una zamu zake. Mtu mwenye afya huanza na usingizi mwepesi, kisha mzito. Baada ya dakika 90 hivi macho huanza kuchezacheza chini ya kope, huku misuli ikilegea kabisa. Hatua hiyo ilielezwa mwaka 1953 na Aserinsky na Kleitman wa Chicago, ambao waligundua kwamba anayeamshwa wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Zamu hizo hurudiwa mara nne au tano kwa usiku.

Mbung'o mwenye vimelea vya tripanosoma amwumapo mtu, vimelea hivyo huishi kwanza katika damu, vikileta homa ambayo ni rahisi kuidhania malaria. Baadaye huingia katika ubongo: kwa malale ya Afrika ya Mashariki ni baada ya majuma au miezi, na kwa ile ya Kongo na Afrika ya Magharibi huenda ikachukua miaka. Hapo usingizi huvunjika vipande vipande. Mgonjwa husinzia mchana jembe likiwa mkononi, na usiku hukesha. La ajabu zaidi, huweza kuzama moja kwa moja katika hatua ya ndoto bila kupitia usingizi mzito. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vimelea huifanya saa yenyewe iende mbio.

Mtu wa namna hii huweza kuitwa mvivu, au kusemwa kwamba amerogwa. Maneno hayo ni ya hatari, kwa kuwa asiyetibiwa hufa. Kwa miaka mingi malale iliyofika ubongoni ilitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki, iliyoua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya Afrika ya Mashariki pia.

Wagonjwa waliopimwa tena baada ya kutibiwa walionekana wakilala usiku na kukaa macho mchana, na ndoto zao zimerudi mahali pake, nyuma ya usingizi mzito.